Nani Ampishe Nani: Kujiandaa kwa Mtihani wa Kibali cha Udereva Marekani

Dereva mzoefu anaweza kufeli mtihani wa maandishi wa kibali cha udereva Marekani, na binti ambaye hajawahi kukalia kiti cha dereva akaupita asubuhi hiyohiyo. Kwa watu wetu waliohamia Ohio, Kentucky au Texas jambo hili si geni, na wazee hulipokea kama dharau: mtu kaendesha lori kati ya Kigoma na Dar es Salaam miaka nenda rudi, leo kompyuta inamwambia hajui barabara. Kompyuta haijasema hivyo. Mtihani huu haupimi mkono wala mguu. Hayo yana siku yake, siku utakayoendesha mtahini akiwa pembeni yako. Huu wa kwanza unapima kama umesoma kitabu cha jimbo unaloishi. Mzee aliingia na majibu ya barabara aliyoizoea. Binti aliingia na kitabu kichwani, maana hakuwa na kingine cha kutegemea.

Kwa hiyo anza na kitabu, na kiwe cha jimbo lako. Marekani haina leseni ya taifa zima. Kila jimbo lina sheria zake za barabarani, hutoa leseni zake na hutunga mtihani wake. Hata ofisi yenyewe haina jina moja: New York wanaiita DMV, Ohio BMV, Massachusetts RMV, Pennsylvania ni PennDOT, na Michigan kazi hiyo iko chini ya Katibu wa Jimbo. Kila moja ina kitabu cha mwongozo, na unaweza kukipakua bure kwenye tovuti yake. Cha Ohio kinaitwa Digest of Ohio Motor Vehicle Laws. Akitokea mtu kanisani au msikitini anakuuzia kitabu hicho, mshukuru uende zako.

Idadi ya maswali nayo hutofautiana. Ohio wanauliza 40, na lazima upate 30. Pennsylvania ni 18, upate 15. New York ni 20, upate 14, na katika yale manne ya alama za barabarani angalau mawili yawe sahihi. Georgia wameugawa mtihani mara mbili, alama 20 na sheria 20, na kila upande unataka 15. Ukizimudu sheria zote ukakwama kwenye alama, bado umefeli.

Tofauti haziishii kwenye hesabu. Lile bomba la zimamoto linalosimama kando ya barabara, Ohio hairuhusiwi kuegesha gari ndani ya futi 10 kutoka lilipo. New York na Pennsylvania ni futi 15. Kwa hiyo shemeji yako wa Buffalo, New York, anaweza kukufundisha vizuri kabisa, kila alichosema kikawa kweli, nawe ukafeli Cleveland, Ohio.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo watu huulizia kabla hata ya kufungua kitabu. Baadhi ya majimbo hukuruhusu kufanya mtihani kwa lugha kadhaa, na Kiswahili kimo katika orodha za baadhi yao. Mengine yana Kiingereza na Kihispania tu. Orodha hizo hubadilika, wakati mwingine kwa sababu za kisiasa, kwa hiyo piga simu ofisi ileile utakayokwenda, usitegemee alichoambiwa jirani miaka miwili iliyopita. Na hata Kiswahili kikiwepo, usikikimbilie bila kupima. Tafsiri hizi hufuata Kiswahili cha vitabuni, na mtu wa Uvira au Bukavu aliyejifunza mambo ya barabara kwa Kifaransa anaweza kukwama pale ambapo mtu wa Tanga anapita bila shida. Ukiweza kupata maswali ya mazoezi ya lugha hiyo, yajaribu kwanza ndipo uamue.

Lugha yoyote utakayochagua, alama zisome kwa Kiingereza. Barabarani hakuna mkalimani. STOP, YIELD, ONE WAY, WRONG WAY, DO NOT ENTER, DETOUR, NO TURN ON RED: maneno yote ya lazima yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Na kwa wale wenye ndoto ya trela, ambao ni wengi, wajue kwamba sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa lori la biashara asome na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuelewa alama na kujibu maofisa, na tangu 2025 usimamizi wa sheria hiyo umekazwa. Kiingereza cha alama utakachojifunza sasa hakitapotea.

Sasa tuje kwenye kiini cha mtihani. Ukiyapanga maswali mezani utaona kwamba sehemu kubwa ni swali lilelile: magari mawili, au gari na mtu, vinataka kipande kimoja cha barabara kwa wakati mmoja. Nani ampishe nani, na asimame wapi? Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuponza. Kariakoo au Gikomba, njia ni ya aliyetangulia kuingiza pua ya gari, na dereva wa daladala akingoja apishwe atalala pale. Vitabu vya Marekani vinaanza upande wa pili kabisa. Vingi husema wazi kwamba sheria haimpi mtu yeyote haki ya kupita. Inataja tu nani anapaswa kupisha. Hata ukiwa wewe ndiye wa kupishwa, mwenzako asipokupisha huruhusiwi kulazimisha. Shika hilo kabla ya kukariri chochote, kwa sababu ukikutana na swali usilolijua litakusaidia kufikiri mpaka jibu litoke. Kati ya majibu manne, lile linalokuambia uongeze mwendo uwahi, au upige honi apishe yeye, ni nadra sana kuwa sahihi.

Chukua makutano yenye alama ya STOP pande zote nne, kitu ambacho wengi wetu hatukukulia nacho. Aliyefika kwanza huondoka kwanza. Mkifika pamoja, mpishe aliye kulia kwako. Na kusimama maana yake magurudumu yametulia kabisa. Unasimama kwenye mstari mweupe. Kama hakuna mstari, kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Kama na kivuko hakipo, kabla tu ya kuingia kwenye makutano, mahali unapoweza kuona magari yanayokuja. Mpangilio huo wa hatua tatu hupenda kuulizwa, na pembeni yake huwekwa jibu la mtego lenye sura nzuri: punguza mwendo, tazama, endelea. Watu wengi hulichagua kwa sababu ndivyo wanavyoona madereva wakifanya kila siku, Wamarekani wenyewe wakiwemo.

Kukata kushoto ni somo jingine zima. Marekani magari hupita upande wa kulia. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi wameuzoea upande huo. Waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda ndio wanaolazimika kuigeuza picha yote kichwani. Hapa kona ya kushoto ndiyo inayokatiza magari yanayokuja. Anayekata kushoto huwapisha wanaokuja mbele yake, na pia waenda kwa miguu wanaovuka barabara anayotaka kuingia. Taa ya kijani ya duara haiondoi wajibu huo. Mshale wa kijani ndio unaokuonyesha kwamba wanaokuja mbele wamesimamishwa, na hata hapo aliyebaki katikati ya barabara anamalizia kuvuka kwanza.

Kukata kulia taa ikiwa nyekundu huwashangaza wageni: sehemu kubwa ya nchi inaruhusiwa, mradi usimame kabisa kwanza, uwapishe wote wenye njia, na pasiwe na bango la NO TURN ON RED. Ndani ya Jiji la New York mambo yamegeuzwa. Huruhusiwi mpaka bango likuruhusu. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha mwendo wa saa na unampisha aliyekwisha kuingia, ambaye anakujia kutoka kushoto. Mtu wa Nairobi au Dar shingo yake imezoea kugeukia kulia. Chora duara kwenye karatasi, weka mishale, zungusha kidole mpaka shingo ikubali.

Basi la shule nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu nyumbani hatuna sheria yake na kwa hiyo hatuna hisia yake. Taa za njano zikimweka, basi linajiandaa kusimama, nawe jiandae. Taa nyekundu zikimweka na mkono wenye STOP ukafunguka ubavuni, unasimama, iwe unalifuata basi au unakutana nalo uso kwa uso, na hutembei mpaka taa zizimwe. Sababu ni moja: mtoto akishuka anaweza kuvuka barabara mbele ya basi mahali ambapo humwoni. Ohio unasimama umbali usiopungua futi 10, New York futi 20. Barabara ikiwa pana ndipo majimbo yanapoachana. Ohio, kwenye barabara yenye leni nne au zaidi, wanaotoka upande wa pili hawalazimiki kusimama. New York, hata kama katikati kuna kizuizi, pande zote husimama. Fungua kitabu chako leo utafute ukurasa huo.

Ambulensi, gari la polisi au la zimamoto likija na king'ora, sogea ukingo wa kulia usimame. Ukiwa katikati ya makutano, maliza kuvuka kwanza. Likiwa limesimama kando ya barabara huku taa zinamweka, hamia leni ya mbali nalo, na kama huwezi, punguza mwendo. Sheria hii ya kuhama ipo katika majimbo yote 50. Mtu mwenye fimbo nyeupe au mbwa wa kuongoza anapovuka, simama, mwache amalize, na usimpigie honi hata kwa nia njema.

Alama zisome kwa umbo na rangi kabla ya maandishi. Kuna baadhi ya maswali yanayokuonyesha umbo tupu, bila neno lolote, na kuna asubuhi za Januari ambapo theluji inafunika maandishi yote na kuacha umbo peke yake. Pembe nane ni STOP, na hakuna alama nyingine yenye umbo hilo. Pembetatu iliyopinduliwa ni YIELD, yaani pisha. Duara la njano linakuambia reli iko mbele. Pembe tano ni shule. Almasi ya njano inaonya juu ya hali ya barabara: kona, mteremko, leni mbili kuwa moja. Rangi ya chungwa ni ujenzi. Kibendera cha njano kinachowekwa upande wa kushoto wa barabara huonyesha mwanzo wa sehemu usiyoruhusiwa kulipita gari la mbele yako. Hiki huwaangusha wengi kwa kuwa hukiona mara chache. Kijani huelekeza miji na barabara, bluu huonyesha huduma kama hospitali na mafuta, kahawia ni mbuga na mahali pa matembezi.

Mistari ya barabarani ina kanuni fupi. Njano hutenganisha magari yanayokwenda pande zinazopingana, nyeupe hutenganisha yanayokwenda upande mmoja. Ukijikuta mstari wa njano uko kulia kwako, umeingia upande usio wako.

Tarakimu zinawatisha watu bure. Ukizikusanya zote kwenye ukurasa mmoja ni chache. Maili moja ni kama kilomita 1.6, na futi ni sentimita 30 hivi, ile ileile wanayoitumia mafundi wetu kupimia viwanja. Lakini usijizoeze kubadili vipimo ukiwa mtihanini. Kariri namba kama kitabu kilivyoziandika. Ohio, mwendo wa eneo la shule wakati uliowekwa ni maili 20 kwa saa, mitaa ya makazi ni 25 pasipo bango lingine. Indiketa washa futi 100 kabla ya kona. Umbali wa kumfuata aliye mbele huhesabiwa kwa sekunde, 3 au 4 kulingana na kitabu chako: anapopita nguzo fulani, anza kuhesabu mpaka wewe uifikie. Kuegesha, Ohio wamepanga namba zinazokaa kichwani kirahisi: futi 10 kutoka bomba la zimamoto, 20 kutoka kivuko cha kwenye makutano, 30 kutoka alama ya STOP, 50 kutoka reli. Ukiegesha mlimani penye ukingo wa zege, ukitazama juu geuza magurudumu kuelekea katikati ya barabara. Ukitazama chini, kuelekea ukingo. Pasipo ukingo, daima kulia. Fikiria breki ikiachia gari litakwenda wapi, nawe hutahitaji kukariri.

Pombe: kipimo cha 0.08 katika damu ni kosa kwa mtu mzima karibu kila jimbo, isipokuwa Utah ambako ni 0.05. Chini ya miaka 21 kiwango hushuka sana, Ohio ni 0.02. Vitabu pia vitakueleza kwamba kwa kuendesha tu umekubali kupimwa, na ukikataa unaweza kupoteza leseni. Barafu: daraja huganda kabla ya barabara ya kawaida, na gari likiteleza ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, elekeza usukani kule unakotaka gari liende.

Namna ya kusoma ni muhimu kuliko saa unazosoma. Soma sura moja, funga kitabu, mweleze mtu wa nyumbani, kwa Kiswahili chako cha kila siku, kilichoandikwa humo. Pale utakapobabaika ndipo hujaelewa. Programu za simu za mazoezi ni nyingi, ila nyingi kati yake zimechanganya sheria za majimbo, na hatari yake kubwa ni kwamba baada ya siku chache unalitambua jibu kwa sura yake bila kujua sababu. Mtihani ukipindua maneno kidogo, umekwisha. Maswali ya mazoezi kwenye tovuti ya jimbo lako ni bora, na kila unapokosa rudi kitabuni mpaka uione sentensi inayokukosoa. Tazama sana maneno madogo ya swali: kanusho, isipokuwa, daima, kamwe. Soma majibu yote kabla ya kugusa skrini, maana jibu la kwanza linaweza kuwa la kweli na la mwisho likawa la kweli zaidi.

Kuna mazoezi mengine ambayo ni ya bure na sijaona yakishauriwa. Ukipanda basi kwenda kazini, kaa mbele. Kila makutano jiulize nani anatakiwa kumpisha nani, kisha utazame dereva anafanyaje. Utajifunza sheria, na utajifunza pia ni mara ngapi watu huzivunja, jambo litakalokufaa utakapokuwa wewe ndiye unaendesha.

Wapo watakaokunong'oneza kwamba majibu yananunulika, au kwamba kuna mtu anaweza kukusaidia kwa kifaa cha sikioni. Kataa. Ni udanganyifu mbele ya ofisi ya serikali, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, gharama yake hailingani na kibali chenyewe.

Siku ya mtihani, ofisi itataka uthibitisho wa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na, katika majimbo mengi, ukaaji wako halali. Chapisha orodha ya jimbo lako na upange hati kufuata orodha hiyo. Wengi wetu tumepita kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, na majina yaliandikwa na watu tofauti kwa masikio tofauti. Herufi moja ikitofautiana kati ya hati mbili, unaweza kurudishwa. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari ambayo ofisi ziliwapa wasioijua yao haina tatizo, mradi hati zote zinasema hivyohivyo. Beba miwani kama unavaa, kwa sababu macho hupimwa palepale, na kiwango cha kawaida ni 20/40.

Kaunta watakuuliza kama unakubali kutoa viungo vyako baada ya kifo. Hilo ni hiari, na hakuna jibu linalokunyima kibali. Wanaweza pia kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni za majimbo mengi zitoe nafasi hiyo. Kama wewe si raia wa Marekani, jibu ni hapana, na usitie sahihi karatasi wala skrini usiyoielewa. Mtu asiye raia akijiandikisha, hata kwa kutojua, anaweza kuharibu ombi lake la uraia baadaye. Mweleze mama, mjomba na yeyote unayemsindikiza kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu pale kaunta kila mtu ana haraka.

Ukifeli, uliza unaweza kurudi lini na kama kuna ada, kisha urudi kwenye kurasa zilizokushinda ukiwa bado unazikumbuka. Ukipita, kumbuka kwamba kibali hakikuruhusu kuendesha peke yako, hata kwenda dukani kona ya pili. Ohio, Pennsylvania na New York mtu mzima mwenye kibali huendesha akiwa na dereva mwenye leseni, wa miaka 21 au zaidi, kiti cha pembeni, na gari liwe na bima inayokufunika. Mchague mtu anayeweza kunyamaza. Kaka anayefoka kila unapogusa breki atakupa woga ambao mtahini atauona baadaye, hata kama yeye mwenyewe ni dereva hodari.